Kuunga amplifaya yako ya kwanza ukiwa Mbeya: anza na volti 12, na upime kila hatua

Vijana wengi huku kwetu wakitaka kuunga amplifaya wanaanzia pabaya. Mtu hajawahi kushika pasi ya kulehemu hata siku moja, ananunua bodi kubwa iliyoandikwa wati 300, anatafuta transfoma nzito, anaunga yote siku moja alafu anachomeka ukutani kuona itakuwaje. Kinachotokea ni mlio mmoja wa "pu!", moshi, na spika ya mtu imeshaungua. Anaacha kabisa, anasema umeme sio kipaji chake. Kipaji alikuwa nacho, ila alianza na kitu kikubwa na hakupima chochote njiani.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kuunga amplifaya ndogo ya aisii moja (kile kipande cheusi chenye miguu, saketi nzima iko ndani yake), TDA2030A, inayokula volti 12 ya betri, na mkazo wangu wote uko kwenye kupima. Ukishika hapo tu, hata bodi kubwa utaziunga baadae bila kuogopa.

Kwanini TDA2030A? Aisii yenyewe ina miguu mitano tu, imekuwepo miaka mingi kwa hiyo kila fundi redio anaijua, ina kinga ndani yake ya joto na ya shoti kwenye spika, na inakubali umeme wa kuanzia volti 12 mpaka 40 kwenye njia moja ya chanya na hasi (mwisho wake kabisa ni 44, usifike huko). Na kwanini betri? Kwa sababu volti 12 haikuui. Ukigusa pabaya hupigwi shoti, na ukikosea una nafasi ya kurekebisha. Alafu vijiji vingi vya Rungwe, Ileje, Makete na Ludewa watu wanaishi kwa sola, betri ipo ndani tayari, amplifaya ya volti 12 inaingia moja kwa moja.

Nikuambie ukweli kuhusu wati mapema ili usije ukajisikia vibaya. Kwenye betri ya volti 12 na spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) utapata kama wati 2 za sauti safi. Zile wati 18 ambazo tangazo la aisii hii huwa linataja zinahitaji umeme mkubwa zaidi. Ila wati 2 kwenye spika nzuri iliyofungwa kwenye boksi ni sauti ya kutosha sebuleni, jirani atasikia, na ukija kuhamia volti 19 huko mbele utafika kama wati 6 au 7. Wati za kwenye makaratasi zisikusumbue kichwa.

KUNUNUA VITU

Zunguka maduka ya vifaa vya redio pale Mwanjelwa na Kabwe, ukiwa Iringa mjini tafuta mitaa ya Miyomboni. Ulizia seti ya kuunga ya TDA2030A chaneli moja, ya umeme wa njia moja. Hii ya njia moja ni muhimu uitaje, sababu kuna nyingine zinataka umeme wa njia mbili, chanya, hasi na kati, hizo tuache kwanza. Namna ya kuitambua ni rahisi: ya njia moja ina kapasita (kifaa cha kutunza chaji) moja kubwa kabisa kati ya aisii na spika, mara nyingi mikrofaradi 1000 au 2200. Ukikosa seti unaagiza Kariakoo, wanapakia kwenye basi, unaenda kuchukua stendi.

Dukani kuwa mpole lakini usione aibu kuuliza. "Shikamoo kaka, naomba TDA2030A, unayo ya orijino?" Atakwambia zote orijino. We angalia mwenyewe: maandishi ya aisii yawe yamechongwa kwa usafi na hayafutiki ukisugua kwa kidole chenye mate, miguu iwe inang'aa na haina alama za risasi ya zamani. Aisii zilizong'olewa kwenye bodi mbovu zikasafishwa zipo nyingi. Nunua mbili, ni kitu cha bei ndogo, na ile ya pili itakuokoa kusafiri tena mpaka mjini kama unatokea Tukuyu au Mbozi.

Vifaa vya kazi: pasi ya kulehemu ya wati 40, waya wa risasi mwembamba wa milimita 0.8 wenye dawa yake ndani, kikata waya kidogo, na multimita. Hata ile mita ya njano ya bei rahisi kabisa inatosha. Kama hela inatosha kitu kimoja cha ubora, weka kwenye pasi. Na tafadhali usitumie ile dawa ya asidi ya mafundi bati, inakula njia za bodi taratibu, baada ya miezi unakuta waya umekuwa wa kijani na sauti inakatika.

Kitu kingine ambacho hakiko kwenye seti yoyote na mimi ndo nakiona cha maana kuliko vyote: globu ya indiketa ya bodaboda, ya volti 12 wati 10, ile ya uzi ndani sio ya LED. Duka lolote la spea wanayo. Hii ndo mlinzi wetu siku ya kuwasha, nitaeleza mbele. Chukua pia fyuzi ya ampea 2 na kishikio chake, na rezista (kifaa cha kupunguza umeme unaopita) mbili za 1k, yani omu 1000.

PANGA NA UPIME KABLA YA KULEHEMU

Mwaga vitu vyote kwenye sahani nyeupe, usimwage kwenye zulia, rezista ikidondoka hapo umeipoteza. Chukua mita iweke kwenye omu, pima rezista moja moja alafu uichomeke kwenye karatasi ulipoandika thamani yake. Rangi zinasaidia, mfano 100k ni kahawia, nyeusi, njano, na 4.7k ni njano, zambarau, nyekundu, ila rezista za siku hizi za mwili wa bluu rangi zake zinachanganya sana hasa usiku kwenye taa hafifu, nyekundu unaiona kahawia. Mita haidanganyi. Mara nyingi utakuta 100k tatu, moja ya 150k, moja ya 4.7k na moja ya omu 1. Hizo 150k na 4.7k ndo zinazoamua amplifaya ikuze sauti mara ngapi: unagawanya 150 kwa 4.7 unaongeza 1, unapata kama mara 33. Ukizibadilishana nafasi amplifaya haikuzi chochote karibia, na utatafuta tatizo siku nzima kwenye aisii wakati liko kwenye rezista.

Vikapasita vidogo vilivyoandikwa 104 ni nanofaradi 100. Havina chanya wala hasi, weka upande wowote. Kapasita za mapipa zina upande, ule mstari wenye alama ya kutoa ni hasi, na mguu mrefu ni chanya. Angalia pia volti iliyoandikwa ubavuni. Kwa betri ya volti 12, kapasita za volti 16 zinatosha, ila kama una mpango wa kuhamia volti 19 hakikisha zote ni 25 kwenda juu, badilisha mapema kabla hujalehemu.

KULEHEMU

Hapa taratibu. Dirisha liwe wazi, hata kama ni Juni na baridi ya Mbeya inauma. Najua watu huwa tunafunga kila kitu tunawasha jiko la mkaa, lakini moshi wa dawa ya risasi unakera kifua, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, hilo halina mjadala. Vaa koti, fungua dirisha. Risasi yenyewe ni sumu ikiingia tumboni kwa hiyo usile huku unalehemu, na nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, watoto wasichezee vipande.

Namna ya kulehemu ni hii. Ncha ya pasi iwe safi, ipanguse kwenye sponji lenye maji kidogo, iguse risasi mpaka ing'ae. Weka ncha iguse mguu wa kifaa NA duara la bodi kwa pamoja, hesabu moja mbili, alafu leta waya wa risasi ukutane na mguu upande wa pili, usiuweke juu ya pasi. Ukiona risasi imeyeyuka imetambaa yenyewe kuuzunguka mguu, toa waya kwanza, alafu toa pasi, na usitikise bodi mpaka igande. Kiungo kizuri kinakuwa kama kichuguu kidogo kinachong'aa, kimepanda kwenye mguu kwa mteremko. Kikiwa duara kama ushanga umekaa juu juu, au kina rangi ya vumbi na mikwaruzo, hicho hakijashika, hata kama kwa macho kimeziba. Kirudie: pasha tena, ongeza risasi kiduchu. Sekunde 3 mpaka 4 kwa kiungo zinatosha, ukikaa sana duara la bodi linabanduka.

Kwenye baridi utaona risasi inachelewa kuyeyuka, hasa miguu ya graundi (upande wa hasi) ambayo imeungwa na eneo kubwa la shaba, na upepo wa dirishani ukipiga pasi moja kwa moja ndo kabisa. Kaa kiasi kwamba upepo unapita pembeni yako, na kwa miguu ya graundi subiri kidogo zaidi kabla ya kuleta waya. Usikandamize kwa nguvu, joto ndo linafanya kazi.

Fuata urefu: anza na vifupi kwenda virefu. Rezista kwanza, alafu dayodi, vile vya kupitisha umeme upande mmoja tu (kama seti yako inazo, 1N4001 mbili, mstari wa kwenye dayodi uelekee kama mstari uliochorwa kwenye bodi), alafu vile 104, alafu kapasita za mapipa, vishikio vya nyaya, na kapasita kubwa. Aisii mwisho. Ukifunga kapasita kubwa mapema bodi haikai sawa ukiigeuza na vitu vifupi vinadondoka.

Kila kapasita ya pipa kabla hujailehemu simama uangalie mara mbili upande wake. Pipa lililogeuzwa linachemka, linavimba kichwa na linaweza kupasuka likarusha maji yake usoni. Kwa hiyo siku ya kuwasha pia usiinamie bodi.

AISII NA KIPOZA JOTO

Aisii shika ukiwa unaangalia maandishi, miguu chini: wa kwanza kushoto ni mguu wa 1, kulia kabisa ni wa 5. Mguu wa 1 sauti inaingia, wa 2 unarudisha sehemu ya sauti kwa ajili ya kurekebisha, wa 3 ni hasi, wa 4 sauti inatoka, wa 5 ni chanya. Jiandikie ukutani kabisa, utavihitaji muda wote wa kupima.

Hitisinki, yani kipoza joto, inayokuja kwenye seti huwa ndogo, kwa volti 12 inatosha, ila nakushauri ufanye kubwa mapema. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, wana vipande vya kutupa kila siku, omba cha unene wa milimita 2 au 3, ukubwa wa kiganja. Toboa tundu moja, sugua kingo zake kwa msasa ili uso uwe laini, paka ile paste nyeupe ya mafundi kompyuta, kidogo tu, funga aisii na nati. Funga kwanza kwenye hitisinki NDO ulehemu miguu, ukifanya kinyume miguu inavutwa ukikaza nati na viungo vinapasuka bila kuonekana.

Kile kibati cha mgongo wa aisii ndani yake kimeungwa na mguu wa 3. Kwa umeme wa njia moja mguu wa 3 ni hasi, yani graundi, kwa hiyo hitisinki ikigusa boksi la chuma hakuna shida. Ila siku ukija kuunga ile ya njia mbili kumbuka kibati hicho kitakuwa na volti hasi kamili, pale lazima uweke karatasi ya maika (haipitishi umeme) na kishikio cha plastiki kwenye nati. Hapo ndipo wengi wanaunguza.

KABLA YA UMEME

Geuza bodi chini ya mwanga wa jua, angalia viungo vyote. Daraja la risasi kati ya miguu miwili ya aisii ni rahisi kutokea sababu imebanana, pitisha ncha ya kisu katikati.

Sasa mita iweke kwenye omu, waya mwekundu kwenye chanya ya umeme ya bodi, mweusi kwenye hasi. Namba itaanza chini alafu itapanda taratibu, inapanda, inapanda. Hizo ni kapasita zinajaa chaji ya betri ya mita, ni dalili nzuri kabisa. Ikikaa kwenye sifuri au omu moja mbili ikaganda hapo, kuna shoti, usiwashe, rudi kutafuta. Naomba hatua hii usiiruke hata kama mikono inawasha kusikia muziki.

KUWASHA MARA YA KWANZA

Usiunge spika bado. Kwenye terminali za spika funga moja ya zile rezista za 1k. Sababu yake ni kwamba ile kapasita kubwa ya kutokea inahitaji njia ya kujaa chaji, bila kitu pale mita itakuonyesha volti kibao kwenye terminali ya spika na utadhani aisii imekufa kumbe ni kapasita tu haijapata pa kumalizia.

Alafu tengeneza njia hii: chanya ya betri, fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri, alafu globu ya indiketa, alafu ndo chanya ya bodi. Hasi ya betri kwenye hasi ya bodi. Fyuzi ni lazima hata kama betri ni ndogo, betri ya bodaboda ikipata shoti waya unakuwa mwekundu na unawaka plastiki yake ndani ya sekunde. Globu kazi yake ni kuzuia. Amplifaya nzima ikiwa imetulia inakula kama miliampea 50 hivi, hizo haziwezi kuwasha globu ya wati 10, kwa hiyo globu itakaa giza. Kama kuna shoti, au umegeuza chanya na hasi, au kapasita imekaa kinyume, umeme mwingi unataka kupita, globu inawaka kwa nguvu na inabeba yenyewe mzigo wote, bodi inabaki salama. Inaweza kuwaka kidogo sekunde ya kwanza kapasita zikijaa, hiyo ni kawaida.

Imewaka ikabaki inawaka? Toa umeme, tafuta kosa. Imebaki giza? Tunapima.

Mita kwenye volti za DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri), ile 20. Waya mweusi uubane kwenye hasi, tumia mwekundu peke yake, mkono mmoja. Mguu wa 5: utasoma karibia sawa na betri, tuseme 12.5. Mguu wa 3: sifuri. Sasa mguu wa 4, huu ndo wa kuuangalia kuliko yote: lazima usome NUSU ya umeme, yani karibu na 6.2. Sauti inapanda na kushuka kutokea pale katikati, ikiwa nusu ipo ina maana aisii ni nzima, rezista za kugawanya ziko sawa, na njia ya kurudisha iko sawa. Namba moja inakuambia mambo matatu. Ukikuta 12 au sifuri usiunge spika, kwanza angalia zile 100k mbili zinazogawanya umeme, alafu viungo vya mguu wa 1 na wa 2, alafu ndo ufikirie aisii.

Mguu wa 2 nao utasoma karibu na nusu. Mguu wa 1 kwa mita za bei rahisi utasoma chini kidogo, labda 5 na kitu, usishtuke, mita yenyewe inavuta umeme kidogo kupitia zile rezista kubwa na inashusha kile inachokipima. Mwisho pima kwenye terminali ya spika, juu ya ile 1k: baada ya sekunde kumi na kitu iwe imeshuka karibu na sifuri. Volti ikibaki hapo kapasita ya kutokea inavuja au imegeuzwa, na hiyo volti ndo inayounguza koili ya spika.

Gusa hitisinki. Bila sauti yoyote kwenye volti 12 inatakiwa iwe vuguvugu tu au ya baridi kabisa. Ikiwa ya moto wakati hakuna muziki, aisii inajipigia kelele yenyewe za juu ambazo sikio halisikii, kosa mara nyingi ni ile rezista ya omu 1 na 104 yake pale kwenye mguu wa kutokea, au ile 104 ya umeme iko mbali na aisii.

SPIKA NA SAUTI

Zima, toa 1k, unga spika ya majaribio, ya redio ya zamani, sio ile sabufa ya shemeji. Pima spika kwanza kwa mita: ya omu 8 itasoma 6 au 7, ya omu 4 itasoma 3 na kitu, zote ni sawa. Washa ukiwa bado na globu, utasikia "dum" moja, kisha kimya chenye mvumo kwa mbali. Weka kidole kwenye waya wa kuingilia sauti, utasikia mngurumo. Imepona hiyo.

Globu toa sasa, baki na fyuzi, maana ukiiacha muziki ukipiga besi itakuwa inawaka na kubana sauti.

Simu ina kushoto na kulia, na bodi yetu ni moja. Usizipindanishe nyaya mbili moja kwa moja, pitisha kila moja kwenye rezista yake ya 1k alafu ndo ziungane. Simu isiyo na tundu la jeki tumia kabodi ka blututhi ka volti 5. Kitasa cha volyumu, 10k mpaka 50k, miguu mitatu: pembeni moja graundi, pembeni nyingine sauti kutoka kwenye simu, katikati inaenda kwenye bodi. Ukizungusha kulia sauti ikapungua, badilisha zile mbili za pembeni.

Mvumo ukiwa mkubwa, tumia waya wenye nyavu kutoka kwenye volyumu mpaka bodi, nyavu ziungwe graundi upande wa bodi tu, na mwili wa chuma wa kitasa uunge graundi pia. Hasi ya spika ipeleke pale umeme unapoingilia, isipite njia moja na graundi ya sauti, hapo tu mvumo mwingi unaisha. Ikilia "bu bu bu bu" kama pikipiki ya mbali ujue betri imechoka au nyaya za umeme ni nyembamba sana, ongeza kapasita ya 2200 pale umeme unapoingia kwenye bodi. Besi ikiwa haipo kabisa angalia kapasita ya kutokea: kwa spika ya omu 4, mikrofaradi 2200 inashuka mpaka kama hezi 18 (hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde, namba ndogo ni besi nzito), 1000 mpaka 40, na ukikuta mtu kakuwekea 470 inaanza kukata kwenye 85, muziki unakuwa mwembamba hata ufanyaje.

KUONGEZA NGUVU BILA KUGUSA UMEME WA UKUTANI

Chaji ya laptopu ya volti 19. Mafundi kompyuta wanazo kibao kutoka kwenye laptopu zilizokufa, na uzuri wake ile kazi ya hatari ya volti 230 imeshafungwa ndani ya plastiki, wewe unapokea DC. Pima ncha yake kwanza, kawaida ndani ni chanya na nje ni hasi ila usiamini mazoea. Kama ina kijiti chembamba katikati kiache. Rudia vipimo vyote vile vile, sasa mguu wa 4 usome karibu na 9.5, na kapasita zote ziwe za volti 25 kwenda juu. Ukipiga muziki kwa nusu saa weka kidole kwenye hitisinki, ukishindwa kukaa nacho sekunde chache ongeza ukubwa wa bati.

Transfoma naomba uisubirishe. Ya volti 12 AC (umeme wa kubadili mwelekeo, kama wa ukutani) ukishaipitisha kwenye dayodi nne na kapasita haikupi 12 tena, inakupa kati ya 15 na 18, na upande wake wa ukutani una umeme unaoua. Ukifika huko fyuzi iwe upande wa volti 230, viungo vyote vifunikwe, boksi la chuma liungwe ethi ya plagi ya miguu mitatu, na siku ya kuwasha weka globu ya zamani ya uzi ya wati 60 kwenye njia ya umeme, ile wafugaji wanayowapashia vifaranga. Za LED hazifanyi kazi hiyo. Uwe na mtu mzima anayejua jirani yako. Na kuanzia Novemba mvua zikianza, radi za huku mnazijua, ukisikia ngurumo chomoa plagi, kuzima swichi peke yake hakutoshi.

BOKSI

Usihukumu amplifaya kwa spika iliyolala uchi mezani, haiwezi kutoa besi, mawimbi ya mbele na ya nyuma yanauana. Mbao za paini za Mafinga zinafaa, ila chagua zilizokauka, mbichi zinapinda na kuacha nyufa. Pliwudi ya milimita 18 ni bora zaidi kama mfuko unaruhusu. Gundi kila kona ndani, funga kwa skrubu, weka kipande cha blanketi kuukuu nyuma ya spika. Amplifaya ikikaa ndani ya boksi hilo hilo toboa matundu ya hewa nyuma, hitisinki ikae wima.

Ukitaka stereo unga bodi ya pili kama ya kwanza, uipime peke yake mpaka mguu wa 4 usome nusu, ndo uziweke pamoja. Kila bodi ipate waya wake wa chanya na wa hasi kutoka sehemu moja ya umeme, usirukishe umeme kutoka bodi moja kwenda nyingine. Fyuzi panda mpaka ampea 3, tumia volyumu ya miguu sita, na nyaya za spika mbili zitie alama ya chanya, kwa sababu ukigeuza moja besi zitapotea katikati ya chumba.